Kama kwenye ukoo wenu wanaume wanaanguka kabla ya 50, pimeni mafuta kwenye damu kabla ya kumtafuta mchawi

Maabara Nyakato (mleta uzi)

Wakuu, salaam kutoka Mwanza.

Mimi ni mtu wa maabara. Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu, na kilichonisukuma kuuandika leo ni msiba wa huko Magu. Baba wa watoto wanne, miaka 43, mkulima wa pamba, mtu ambaye hajawahi kulazwa. Usiku kalalamika kifua kinabana na mkono wa kushoto mzito, kapewa maji ya uvuguvugu na magadi, alfajiri hayupo. Kaka yake aliondoka hivyohivyo akiwa na 46. Baba yao naye hakufika 50. Matanga hayajaanuliwa, maneno yalishahamia kwa bibi mmoja jirani.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi. Bibi ambaye macho yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kuni na samadi anafuatwa na mapanga usiku, kwa kifo ambacho chanzo chake huenda marehemu alizaliwa nacho. Naandika kwa ajili ya yule bibi, na kwa ajili ya wale watoto wanne.

Ipo hali ya kurithi inayolifanya ini lishindwe kuondoa LDL, ile kolesteroli mbaya, kwenye damu. Humu nitaiita kolesteroli ya ukoo. Ili ieleweke, fikiria Mwaloni pale Kirumba asubuhi, boti zinashusha dagaa. Magunia ndiyo LDL. Wabebaji ni vipokezi vilivyo juu ya seli za ini, kazi yao kuishika LDL na kuiingiza ndani ikavunjwevunjwe. Mwenye hali hii kazaliwa nusu ya wabebaji hawapo au hawafanyi kazi. Boti haziachi kuja, magunia yanarundikana. Kwenye mwili mrundikano huo ni LDL inayojipenyeza kwenye kuta za mishipa inayolisha moyo. Inajenga utando mwaka hadi mwaka, tangu utotoni, bila maumivu yoyote. Siku utando ukipasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba, na misuli ya moyo iliyokuwa ikitegemea mshipa ule inaanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Jeni inayotengeneza vipokezi hivyo inaitwa LDLR, ipo kwenye kromosomu ya 19. Waliovumbua vipokezi hivi ni Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, kwa kuchunguza seli za ngozi za watu wa koo zenye tatizo hili. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Duniani hali hii inakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 250. Kama kiwango hicho kinatuhusu na sisi, basi mkoa wetu, wenye watu kama milioni 3.7 kwa sensa ya 2022, una karibu watu 15,000 wanaotembea nayo. Mwanaume mwenye nayo asipotibiwa, uwezekano wa kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 50 ni karibu nusu. Kwa mwanamke ni karibu asilimia 30 kabla ya miaka 60.

Jambo la kushika: selimundu, ambayo huku kwetu tunaijua vizuri kwa sababu karibu mtu mmoja kati ya watano wa kanda hii anabeba vinasaba vyake, inataka mtoto arithi kwa baba NA kwa mama ndipo augue. Kolesteroli ya ukoo haisubiri wazazi wawili. Mzazi mmoja anatosha. Kila mtoto wa mwenye nayo, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Haiangalii nani mnene nani mwembamba.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kaeni na wazee, andikeni kwenye karatasi nani alikufa ghafla, akiwa na miaka mingapi, alilalamika nini siku ile. Mkiona wanaume kabla ya 55 au wanawake kabla ya 60 wanajirudia, ndugu wa damu waliobaki wakapimwe mafuta kwenye damu. Mtu mzima mwenye LDL ya 4.9 mmol/L (kizio cha maabara zetu) kwenda juu asiambiwe tu apunguze chipsi. Huyo anatakiwa aonwe na daktari, na ndugu zake waitwe.

Karibuni.

Kijana wa Igoma

Mkuu nondo nzito. Ila sasa kama ni jeni si ndiyo imeshapangwa? Baba kafa na 49, babu simjui. Nikipima nikakuta ninayo nitafanya nini zaidi ya kuishi na hofu? Bora nile maisha.

Maabara Nyakato

Kaka, pole sana kwa mzee. Nakujibu kama ninavyomjibu mdogo wangu.

Kati ya hatari zote za kurithi, hii ni mojawapo ya zile ambazo dawa yake ni kidonge cha kila siku na imetumika kwa miongo mingi. Zinaitwa statini. Aliyeianzisha njia hiyo ni Mjapani, Akira Endo, aliyeipata statini ya kwanza kwenye ukungu miaka ya 1970, na statini ya kwanza kuruhusiwa hospitalini ilitoka 1987. Kazi yake ni kulizuia ini lisijitengenezee kolesteroli. Ini likiona akiba imepungua linaongeza vipokezi na kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Yaani ile nakala moja nzima ya jeni uliyobaki nayo inafanyishwa kazi zaidi. Kila LDL ikishuka kwa 1 kwenye kipimo chetu cha mmol/L, matukio makubwa ya moyo na kiharusi yanapungua kwa karibu moja ya tano, na ukianza mapema na kuendelea, faida inakua kwa miaka.

Na hata kwa ile hatari ya kawaida ya kurithi, inayotokana na jeni ndogondogo nyingi, kuna utafiti wa 2016 uliofuatilia watu zaidi ya 55,000. Waliorithi hatari kubwa lakini hawavuti sigara, hawana kitambi cha kupindukia, wanautumikisha mwili na kula vizuri, hatari yao ilikuwa pungufu kwa karibu nusu ukiwalinganisha na wenye urithi uleule wanaoishi ovyo. Kwa hiyo "nile maisha" ndiyo namna ya kuipa jeni nafasi ambayo haina yenyewe.

Hofu unayo tayari, kaka. Ukipima, inawezekana kabisa ukakuta uko kwenye ile nusu nyingine.

Mama Wawili Buhongwa

Asante mleta uzi. Baba yangu alifariki na 41 nikiwa darasa la tatu. Kaka yangu mkubwa mwaka juzi, 45. Mimi nina 38, nina watoto wawili, 11 na 6. Nimesoma hapa mikono inatetemeka. Nianze na nani? Na watoto nao wapimwe au bado wadogo?

Maabara Nyakato

Dada yangu, pole, na asante kwa kuandika. Anza na wewe mwenyewe. LDL yako ikija ya kawaida kabisa, watoto hawajaipata kupitia kwako na hapo umewapunguzia safari. Ikija juu, wapimwe wote wawili. Umri wa miaka 5 hadi 10 ndio unaopendekezwa kwa watoto wa koo hizi, kwa hiyo wa 11 hajachelewa na wa 6 yuko mahali pake. Kwa mtoto mwenye mzazi aliyethibitika ana kolesteroli ya juu, LDL ya 4 na kuendelea inatia shaka. Dawa kwa mtoto huanza kufikiriwa kwenye miaka 8 hadi 10, na daktari ndiye anayeamua.

Usiwasahau watoto wa marehemu kaka. Hao wako karibu na hatari kuliko unavyodhani, na mara nyingi wanahamia kwa wajomba, historia ya baba yao inapotelea njiani.

Jambo moja la kwako kama mwanamke: ukipewa statini na unafikiria kubeba ujauzito, mwambie daktari mapema. Kwa kawaida husimamishwa.

Mzee wa Busisi

Vijana nawasoma. Mimi nina miaka 71. Mnaongea kana kwamba wazee walikuwa hawana akili. Nawauliza swali moja. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wamekula chungu kimoja, wamelima shamba moja. Mmoja anaanguka na miaka 44, mwingine yuko hai hadi leo, ndiye mimi. Hiyo kolesteroli yenu ilimchagua vipi mdogo wangu ikaniacha mimi? Mtu anapouliza "kwa nini yeye", hospitali hainijibu. Ndiyo maana watu wanakwenda kwingine.

Maabara Nyakato

Shikamoo mzee. Pole kwa mdogo wako. Swali lako ni zito kuliko yote humu, na ndilo linalowapeleka watu kwa mganga, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni ya namna hii, moja ya baba na moja ya mama. Tuseme baba yenu alikuwa na nakala moja nzima na moja yenye hitilafu. Mbegu inapotengenezwa inabeba nakala moja tu kati ya mbili. Siku mama alipochukua mimba yako, iliyofika inaweza kuwa ile nzima. Siku ya mimba ya mdogo wako ikafika ile yenye hitilafu. Baba yuleyule, mama yuleyule. Kuanzia pale yeye alikuwa anaishi na LDL labda mara mbili ya yako, miaka 44 mfululizo, akila chungu kilekile ulichokula wewe. Hakuna aliyemchagua, na hakuna jirani aliyehusika.

Na ndiyo maana mfano wako, mmoja kaenda mmoja kabaki, ni mfano wa kawaida kabisa kwenye familia hizi. Watu wanatarajia kitu cha kurithi kimguse kila mtoto. Kikigusa nusu wanasema huu si urithi, huu ni mkono wa mtu. Hesabu inasema kinyume chake.

Sijui kama mdogo wako alikuwa na hali hii, mzee, hakuna damu ya kupima sasa. Lakini kama aliacha watoto, damu yao ipo.

Sista wa Zamu

Naomba niongeze la wodini, maana hili linaniuma.

Mgonjwa anakuja mchana, ameanza kuumwa saa kumi usiku. Ukimuuliza umefanya nini, majibu ni yaleyale: "nilijua ni vidonda vya tumbo", "nilijua ni gesi". Kanywa dawa ya vidonda, kanywa soda, kanywa maziwa, kapakwa dawa ya kuchua. Huku kwetu kila maumivu kati ya kitovu na shingo ni vidonda vya tumbo mpaka ithibitike vinginevyo, na muda wote huo misuli ya moyo inakufa.

Kifua kinabana kama kuna mtu amekikalia, maumivu yanapanda shingoni, tayani au kushuka mkononi, jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi fupi, na haviondoki ukipumzika. Mwanamke na mgonjwa wa kisukari wanaweza wasiumwe kifua kabisa, ni uchovu wa ghafla na kukosa pumzi tu. Usingoje kukuche. Kama mtu hana mzio wa aspirini na hatoki damu tumboni, atafune miligramu 300 ATAFUNE, asimeze nzima, na safari ianze. Asiendeshe mwenyewe, asipande bodaboda nyuma peke yake. Mkifika semeni neno "kifua" mlangoni, msikae kwenye foleni ya kadi. Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kinatakiwa ndani ya dakika 10 za kufika. Mkiona kimya, kiulizeni kwa jina lake.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 ndugu zetu wa Sengerema na Geita wamepona ile adha ya kungoja kivuko usiku. Wa Ukerewe na Ukara bado wana maji mbele yao. Nyie msisubiri hata robo saa.

Mzee wa Busisi

Marahaba. Nimesoma yote mawili, la kijana na la muuguzi. Mdogo wangu aliacha watano. Wawili wako Geita kwenye machimbo, mmoja Katoro, wa kike wawili wameolewa. Nitaongea nao. Mambo mengine nitabaki na msimamo wangu, lakini damu haidhuru kupimwa.

Kapripointi

Mkuu mimi nimepata tofauti. Shemeji yangu yuko Texas, alinitumia vile vichupa vya kutemea mate, majibu yamekuja ya DNA. Kwenye moyo wameandika hatari yangu ni ya wastani. Ina maana nimeshamaliza, sina haja ya kupima damu?

Maabara Nyakato

Hapana mkuu, nenda kapime.

Vipimo vingi vya namna hiyo vinasoma vituo fulani tu kwenye vinasaba, havisomi jeni ya LDLR kutoka mwanzo hadi mwisho. Na hitilafu za LDLR zinazojulikana ni zaidi ya 2,000. Mtu anaweza kuwa nayo na kipimo cha mate kikaipita pembeni.

Tatizo la pili linatuhusu sisi zaidi. Mwaka 2007 makundi mawili ya watafiti, moja la Kanada na jingine la Iceland, yalitangaza sehemu ya kromosomu ya 9 inayoitwa 9p21. Kwa Wazungu karibu robo ya watu wana nakala mbili za aina ile ya hatari, na hatari yao inapanda kama asilimia 30 hadi 40. Habari kubwa sana kwa wakati ule. Lakini wakitafuta uhusiano huohuo kwa Wamarekani weusi, unafifia. Vinasaba vya Afrika ni vikongwe na vina tofauti nyingi kuliko vya bara lolote; alama inayoitambulisha hitilafu kwa Mzungu inaweza kwetu isiambatane nayo. Alama za hatari zinazouzwa leo zimejengwa zaidi kwa takwimu za watu wa asili ya Ulaya. Ukiambiwa "wastani", jiulize wastani wa nani.

LDL kwenye damu haina ukabila. Ikiwa 6 Nyamagana ni sawa na 6 Texas.

Mwalimu wa Bujora

Nafundisha baiolojia, na hapa lazima niseme kitu ambacho wanafunzi wangu nikiwaeleza wanakaa kimya wote.

Dawa mpya na kali za kolesteroli za miaka hii zimetokana na kuchunguza vinasaba vya watu weusi. Ilianza Ufaransa mwaka 2003, walipopata familia zenye kolesteroli ya ukoo ambazo LDLR yao ni nzima. Hitilafu ilikuwa kwenye jeni nyingine, PCSK9, ambayo kazi yake ni kuharibu vipokezi vya LDL. Kwao ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Ndipo Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas wakauliza swali la kinyume: je, wapo watu ambao PCSK9 yao imekufa? Wakawapata miongoni mwa Wamarekani weusi. Mwaka 2006 wakachapisha matokeo ya ufuatiliaji wa miaka 15: karibu watu weusi 26 kati ya 1,000 walikuwa na nakala moja iliyovunjika, LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Wengi wao walikuwa na presha, wengine wanavuta sigara, wengine wana kisukari. Bado moyo ulikingwa, kwa sababu LDL ilikuwa chini maisha yao yote.

Mwaka uliofuata ikaripotiwa kutoka Zimbabwe, kliniki za wajawazito. Karibu wanawake 4 kati ya 100 walikuwa na moja ya hitilafu hizohizo. Mmoja alikuwa amerithi pande zote mbili, LDL yake 0.4, mzima wa afya. Hiyo ilikuwa dalili nyingine kwamba mtu anaweza kuishi vizuri na LDL ya chini kiasi hicho. Sindano za kuizuia PCSK9 zikaingia hospitalini mwaka 2015.

Kinachonisikitisha ni kwamba sindano hizo ni ghali mno, na watoto wa Kiafrika ambao damu ya jamaa zao ilifungua mlango huo ndio wa mwisho kuzipata. Nataka vijana wetu waingie kwenye fani hii. Hatujui ni kinga gani nyingine ziko kwenye damu ya Wasukuma, Wakerewe, Wajita, kwa sababu hatujatafuta vya kutosha.

Maabara Nyakato

Mwalimu, post yako ingetosha kuwa uzi peke yake. Asante sana.

Mvuvi wa Ukara

Mimi ninachotaka kujua ni samaki. Tunaambiwa samaki ni dawa ya moyo, tumekula sato na dagaa tangu kuzaliwa. Sisi wa visiwani tuna kinga au hatuna? Na mafuta ya sangara je?

Mwalimu wa Bujora

Mkuu, kuna utafiti wa hapahapa Tanzania, ila wa Ziwa Nyasa. Ulichapishwa 1996, unaitwa utafiti wa Lugalawa. Walilinganisha wanakijiji wa ufukweni wanaokula samaki kila siku na wenzao wa milimani wanaokula mboga na nafaka, Wabantu wote wawili. Wala samaki walikuwa na presha ya chini na mafuta ya damu mazuri zaidi. Zaidi ya hapo, walikuwa na kiwango cha chini cha kitu kinaitwa lipoprotini a, aina ya mafuta ya damu inayoongeza hatari ya moyo, ambacho kinaamuliwa kwa kiasi kikubwa na jeni na ambacho watu wenye asili ya Afrika kwa kawaida tunacho kingi kuliko Wazungu. Kwa hiyo samaki ni neema. Lakini samaki hawezi kurudisha kipokezi ambacho hukuzaliwa nacho. Na dagaa aliyekaangwa kwenye mafuta yaliyorudiwa wiki nzima si yule wa utafiti.

Daktari wa Kanda

Nimepita kusoma, niwapongeze. Nina mambo ya kuweka sawa.

Si kila kifo cha ghafla ni mshtuko wa moyo. Huku kwetu presha isiyotibiwa inaua zaidi, kwa kiharusi na kwa moyo kuchoka. Kuna pia magonjwa ya misuli ya moyo ya kurithi, hasa kijana anayeanguka akicheza mpira. Huyo kolesteroli yake inaweza kuwa safi kabisa, ndugu zake wanahitaji ECG na ultrasaundi ya moyo. Kwa hiyo mkienda kupima mafuta, pimeni na presha na sukari siku hiyohiyo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2004 uliohusisha nchi 52, Afrika ikiwemo, ulionyesha kwamba mambo 9 yanayopimika, yakiwemo sigara, presha, kisukari na mafuta ya damu, yanahusika na zaidi ya asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa moyo wa kwanza.

La pili, LDL ikiwa juu daktari atataka kwanza kuhakikisha tezi ya shingo na figo haziko nyuma ya jambo hilo. Halafu atakuangalia mwili. Kano nene ya nyuma ya kisigino, ile ukiibana unahisi ina vinundu vigumu. Vinundu kwenye kano za vidole mgongoni mwa mkono. Duara jeupe kuzunguka mboni kwa mtu ambaye hajafika 45. Nimewahi kumwona fundi baiskeli aliyekuja kwa sababu nyingine kabisa, nikaviona visigino vyake kwenye ndala. Tuliwaita ndugu zake. Kila mwenye vinundu hivyo achukuliwe kuwa na kolesteroli ya ukoo mpaka ithibitike vinginevyo.

La tatu ni uvumi wa statini kuua ini. Maumivu ya misuli yapo kwa baadhi ya watu, na tunabadilisha dozi au aina. Madhara makubwa ya ini ni nadra sana. Kinachoua ni mtu kumeza mwezi mmoja, LDL ikashuka, akaona amepona akaacha. Jeni haijapona. LDL inarudi palepale.

Kijana wa Igoma

Nimemwambia mama, kumbe baba mdogo naye alikufa hivyo Tabora, nilikuwa sijui. Jumamosi naenda. Nisile tangu usiku?

Mama Wawili Buhongwa

Na mimi naenda wiki hii. Nimeongea na wifi, atawaleta watoto wa kaka likizo ikifika. Mleta uzi Mungu akubariki, jibu hilo la kula na mimi nalingoja.

Maabara Nyakato

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Kuhusu kula: kwa kupima LDL mara ya kwanza si lazima ufunge, kunywa chai yako kama kawaida. Waambieni maabara mnataka kipimo kamili cha mafuta, chenye LDL, HDL (ile kolesteroli nzuri) na trigliseridi (mafuta mengine ya damu), maana wengine hupima kolesteroli ya jumla peke yake na hiyo haitoshi. Ombeni majibu kwa maandishi, yenye namba na kizio. Kama uliugua sana karibuni au umelazwa, subiri wiki kadhaa, ugonjwa mkali huishusha LDL na utadanganyika. Trigliseridi ikija juu ya 4.5, rudi asubuhi nyingine ukiwa hujala, kirudiwe. Na kama kuna anayetaka nimsaidie kuyasoma majibu, aandike namba tu hapa chini, jina na kituo aviache.